Maisha ya kila siku ya mwanafunzi wa yeshiva mjini Yerusalemu: nijiandae vipi?

Kijana wa Nyandarua aliuliza:

Shalom kwenu nyote. Mimi ni kijana wa jumuiya ndogo ya Kiyahudi iliyoko upande wa Nyahururu, Kenya, na nimekubaliwa kusoma mwaka mmoja katika yeshiva ya Yerusalemu, yaani chuo cha kujifunza Torati na Talmudi (mkusanyo wa kale wa sheria na mijadala ya marabi), ambako wanaume na wanawake husoma pamoja. Kiebrania cha sala nakisoma bila taabu kwa kuwa nimekua nikikisikia kila Sabato, lakini Talmudi sijawahi kuifungua pasipo mwalimu. Barua niliyotumiwa inataja masomo na ada, ila haielezi siku yenyewe inavyokwenda tangu mtu anapoamka hadi anapolala, chakula anakipataje, na ni jambo gani huwalemea zaidi wanaotoka kwetu. Naomba waliopitia huko wanieleze, maana wazazi wangu nao wananiuliza na sina la kuwajibu.

Msomaji wa Bet Midrashi alijibu:

Hongera sana, mdogo wangu. Nilisoma huko, na nitaanza na lile ambalo ningependa uende ukilijua: kitakachokuchosha si wingi wa vitabu, ni kusoma kwa sauti na kutoa hoja mbele ya mwenzako. Sehemu kubwa ya siku hutakuwa ukimsikiliza mwalimu, bali utakuwa katika bet midrashi, ukumbi wa kusomea, mmeketi wawili wawili mkisoma ukurasa uleule. Huyo mwenzako huitwa havruta. Mmoja anasoma mstari na kuufafanua, mwingine anampinga au anamtaka aonyeshe ni neno lipi lililompa maana hiyo, na kwa kuwa ukumbi mzima hufanya hivyo kwa wakati mmoja, mgeni anayeingia hudhani kuna ugomvi. Sisi tumelelewa kunyamaza mbele ya aliyetuzidi umri au elimu, kwa hiyo wengi wetu mwanzoni huitikia tu kwa kichwa. Kuitikia hakumfai mwenzako. Analihitaji swali lako ili ajue kama yeye mwenyewe ameelewa.

Nikupe mfano. Wanaoanza hufundishwa mara nyingi sura ya pili ya Bava Metzia, kitabu kimojawapo cha Talmudi; sura hiyo inahusu vitu vilivyopotea. Mishna, yaani matini ya sheria iliyo msingi wa Talmudi, inasema kwamba aliyeokota fedha zilizotawanyika anaweza kuzichukua, kwa kuwa mwenyewe hana alama ya kuzitambulisha na huwa amekwisha kukata tamaa. Hapo Gemara, yaani mjadala wa marabi juu ya Mishna, inauliza: je, ikiwa mwenyewe bado hajajua kwamba zimemdondoka? Rabi mmoja wa Gemara, Abaye, anasema mtu hawezi kuhesabiwa amekata tamaa juu ya jambo asilolijua. Mwenzake, Rava, anasema anahesabiwa, kwa sababu angelijua angekata tamaa. Ushahidi unaletwa, unajibiwa, unaletwa mwingine, na mwisho sheria inamfuata Abaye, jambo ambalo ni nadra wawili hao wanapopingana. Kurasa hizo chache zinaweza kuwachukua wiki kadhaa, na mtaziacha mkiwa bado na maswali.

Ukurasa wenyewe una maandishi ya Kiebrania na Kiaramu katikati, bila alama za irabu wala vituo. Ufafanuzi wa Rashi, mfafanuzi mashuhuri wa zama za kati, uko upande wa mshono wa kitabu, na ule wa Tosafot, wafafanuzi waliomfuata, uko upande wa nje, vyote viwili kwa herufi zisizofanana na zile za kitabu chako cha sala. Anza kuzizoea herufi za Rashi sasa hivi, kabla hujasafiri.

Ratiba hutofautiana kidogo kati ya chuo na chuo. Kwa kawaida kuna sala ya asubuhi, Shaharit, kama saa moja, kifungua kinywa, masomo hadi mchana, sala ya alasiri, Minha, masomo tena, na jioni wengi hurudi ukumbini kurudia. Jumapili ni siku ya masomo kama nyingine. Waambie wazazi pia kwamba viza ya mwanafunzi, A/2, haikuruhusu kufanya kazi ya ujira, hivyo fedha za matumizi zipatikane kabla ya safari.

Binti wa Mbale alijibu:

Shalom, kaka. Mimi ni wa Abayudaya, jumuiya ya Wayahudi wa Uganda, na kwetu hadithi ya kwenda kusoma mbali inajulikana tangu Rabi Gershom Sizomu aliposoma Los Angeles, akatawazwa mwaka 2008, kisha akarudi kufundisha Nabugoye, kwetu karibu na Mbale. Aliyetangulia amesema vyema juu ya masomo, nami nitasema juu ya majira na nyumba.

Wewe umekulia karibu na ikweta, ambako Sabato huingia karibu saa ileile mwaka mzima. Yerusalemu si hivyo. Mwezi Desemba mishumaa ya kuingiza Sabato huwashwa karibu saa kumi alasiri, na mwezi Juni ni baada ya saa moja jioni. King'ora cha kutangaza Sabato hulia mjini dakika 40 kabla ya jua kuzama, na hapo mabasi na treni za mjini zimekwisha kusimama na maduka mengi yamefungwa. Ijumaa za baridi ni fupi mno: ununuzi sokoni Mahane Yehuda, kupika, kuoga, vyote vimalizike mapema. Wanafunzi wengi hupanga nyumba pamoja. Kwa kuwa sheria yetu hutenga nyama na maziwa, katika ile niliyokaa kabati la sufuria za nyama lilikuwa na utepe mwekundu na la maziwa utepe wa buluu; chakula cha Sabato kilikaa juu ya plata, bamba la umeme linalowashwa kabla ya mishumaa, na taa zilizimwa na saa iliyotegwa tangu mchana, kwa kuwa siku ya Sabato hatuwashi wala kuzima umeme. Ukialikwa mezani kwa familia, nenda, na wakikuomba wimbo wa kwenu, imba.

Kilichonigusa kuliko vyote ni mvua. Nyumbani nilikuwa naiomba katika sala kwa sababu kitabu kimeandika hivyo. Kule, kiangazi kizima hakuna tone, na ombi la mvua linapoanza tarehe saba ya Heshvan, mwezi wa Kiyahudi wa majira ya vuli, watu wanaliomba huku wakitazama mawingu. Beba koti zito, maana nyumba za mawe hushika baridi.

Kijana wa Nyandarua aliuliza tena:

Nawashukuru sana. Je, ni vibaya kuanza Bava Metzia kwa tafsiri?

Msomaji wa Bet Midrashi alijibu:

Si vibaya. Kwenye tovuti ya Sefaria utaipata bure, maandishi asilia pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya Rabi Steinsaltz. Ila soma mstari wa asili kwanza, kwa sauti, uukisie, ndipo uitazame tafsiri. Ukimpata mtu hapo nyumbani wa kukupinga, hata baba yako, soma naye.