Thetford, Uingereza: huyu mzee wa dhahabu ni nani?

Mwana_Gulio: Wakuu, salaam. Dada yangu kapata kazi ya kutunza wazee Thetford, kule Norfolk. Anasema ni kamji ka gulio tu, hakana jipya. Jana kanitumia picha ya sanamu inayong'aa dhahabu, mzee kashika kalamu ya unyoya na kitabu. Nani huyo?

Babu_Norfolk: Mkuu, mimi naishi hapa mwaka wa saba huu. Huyo ni Thomas Paine, kazaliwa hapahapa 1737. Baba yake alikuwa fundi wa zile nguo za kubana kiuno za akina mama, naye akafundishwa kazi hiyo hiyo. 1774 akavuka kwenda Marekani, na Januari 1776 akatoa kijitabu cha kuwashawishi walowezi wa kule waachane kabisa na mfalme. Kikawaka moto! 1792 mahakama ya Uingereza ikamtia hatiani naye yuko Ufaransa. Wafaransa nao baadaye wakamweka ndani.

Mwambie dada akitazame vizuri hicho kitabu. Kimeshikwa juu chini. Mimi nimepita pale na mifuko ya sokoni sijui mara ngapi bila kuona, mpaka mwanangu wa miaka saba akaniambia, "Baba, huyu babu hajui kusoma."

Kipanga77: Huyu si ndiye aliyefukuliwa kaburini?

Babu_Norfolk: Ndiye. Alifia New York 1809. Miaka kumi baadaye William Cobbett, mwandishi wa Kiingereza, akaifukua mifupa akaileta Uingereza ili azikwe kwa heshima. Hakuzikwa, na mifupa ikapotea.

Halafu kuna Duleep Singh, mfalme wa mwisho wa Kalasinga. Waingereza walimnyang'anya nchi yake ya Punjab, kule Bara Hindi, 1849 angali mtoto, na almasi ya Koh-i-Noor wakaondoka nayo. Amezikwa Elveden, jirani tu. Sanamu yake iko juu ya farasi, kwenye kisiwa mtoni, na Kalasinga hutoka mbali kuja kumwona.

Ila wangu mimi ni Dkt. Allan Glaisyer Minns. Mtu mweusi kutoka Bahamas, daktari, akawa meya wa mji huu 1904. Elfu moja mia tisa na nne, jamani!

Kipanga77: Hapo umeteleza, mzee. Meya mweusi wa kwanza Uingereza ni John Archer wa Battersea, London, 1913.

Babu_Norfolk: Wengi wamekariri hivyo, mdogo wangu. Archer ni wa kwanza kwa London. Hesabu mwenyewe, Minns kamtangulia miaka tisa. Tatizo lake alikuwa meya wa kamji ka gulio, nani atamkumbuka? Hata yule kapteni wa jeshi wa vichekesho vya televisheni aliyekalishwa kwenye benchi kando ya mto anapigwa picha kila siku, na hakuwahi kuishi.

Mwana_Gulio: Dada karudi kuangalia. Kitabu kweli kiko juu chini. Kesho ana zamu ya usiku, kwa hiyo asubuhi anakwenda kumtafuta mwenye farasi.