Uhadhiri chuo binafsi au utafiti wa mkonge: niende wapi?

KijanaMakorora: Shikamooni wakubwa, wengine mambo. Nina masta ya kilimo, nimeitwa sehemu mbili. Ya kwanza uhadhiri msaidizi, chuo binafsi. Ya pili mradi wa utafiti wa mkonge kule Mlingano, wilayani Muheza, mkataba wa miaka miwili. Chuo kinalipa zaidi kidogo, ila Bodi ya Mikopo itanikata asilimia 15 popote niendako. Mama keshaanza kuniita profesa mbele ya majirani.

MstaafuChumbageni: Marahaba. Shahada ya kwanza ulivuka GPA (wastani wa alama) wanayoitaka? Wengi hukwama hapo. Kama ulivuka, ingia darasani, mambo ya mikataba waachie wengine.

BintiNgamiani: Shikamoo mzee, lakini usimpambie. Huu mwaka wangu wa sita nafundisha chuo, si hapa Tanga. Muhula uliopita nilikuwa na karatasi za mtihani 312, nimezirundika kitanda cha wageni, mwanangu akamwaga chai juu yake. Nikazianika kambani kama kanga, nikawa nasahihisha huku nazianua. Mshahara wenyewe ulichelewa miezi miwili. Kupanda kuwa mhadhiri kamili kunataka PhD, na msimamizi wangu kaikalia sura ya tatu tangu Ramadhani. Makala ikikubaliwa, jarida linadai dola.

Haya, lakini sijaacha. Kuna binti alikuja mwaka wa kwanza haongei ila kaziba mdomo kwa kiganja. Juzi kanipigia yuko shambani Korogwe: "Mwalimu, bwana shamba kanibishia vipimo vya udongo, nimemshinda!" Nilicheka peke yangu kwenye daladala, konda akaniangalia. Mtafiti raha hiyo haipati.

Mkonge11648: Hapo nakupinga dada yangu, kwa heshima. Anaipata, ila inachelewa. Jina langu humu ni la chotara ya mkonge iliyozalishwa mkoani huu huu, leo hadi China wanailima. Mkonge unakaa miaka kabla ya kutoa mlingoti, lile bua la maua, kwa hiyo anayechanganya mbegu huenda asione mwisho wake. Kero yetu ni wafadhili. Mradi ukifungwa, gari linaondoka, wewe unabaki na flashi iliyojaa takwimu na miche isiyo na wa kuipalilia.

MstaafuChumbageni: Si nilisema? Miaka miwili ni kufumba na kufumbua.

BintiNgamiani: Mdogo wangu, waulize chuo mambo mawili kabla hujasaini: vipindi vingapi kwa wiki, na PhD nani analipa.

KijanaMakorora: Nimewapigia leo. Vipindi 22, PhD nijisomeshe.

BintiNgamiani: 22! Na karatasi utasahihisha lini, usingizini?

KijanaMakorora: Basi jamani, chumba Muheza mjini siku hizi bei gani? Na mama nani atamwambia?