MREJESHO: Dada yangu na upasuaji wa tumbo Uturuki

Wakuu, habari za jioni kutoka Mtwara. Niliwauliza kuhusu dada yangu aliyeko Masasi, aliyetaka kwenda Istanbul kupunguza tumbo na kuongeza makalio kwa mkupuo mmoja. Ahsanteni sana, hasa daktari aliyeeleza jinsi mafuta yanayodungwa makalioni yanavyoweza kuingia kwenye mshipa na kuziba mapafu. Nilimsomea yote, makalio akaachana nayo.

Tumbo alifanya. Ushauri wa kutopanda ndege kabla ya siku 7 hadi 10, kwa hofu ya damu kuganda miguuni, aliufuata: akabaki hotelini, anatembea kidogo kidogo, soksi za kubana hazimtoki. Alirudi salama.

Kilichotusumbua ni kidonda. Akiwa nyumbani kilifunguka pembeni, kikawa kinatoa maji yenye harufu. Kliniki ya kule jibu lao lilikuwa "tuma picha" tu. Bima haikulipa chochote. Kusafisha kidonda na antibayotiki vimemaliza hela yake ya korosho, na hilo limeniuma. Sasa kimekauka, kovu limebaki.

Anayepanga kwenda, adai taarifa ya upasuaji kwa maandishi kabla hajaondoka kule. Mlisisitiza hilo, na daktari wa hapa aliiomba kabla hata ya kufungua bandeji.