Mdogo wangu kaalikwa kutumbuiza ufunguzi wa mashindano ya kimataifa, anataka kuandamana jukwaani. Nimshauri nini?

Mtoa mada: Wakuu, salamu. Mdogo wangu ni msanii mwenye jina na mimi ndiye meneja wake. Serikali ya nchi mwenyeji imefunga waandishi wa habari, na jambo hilo linamuuma kweli. Anataka aende, aimbe, kisha mwishoni avue koti ibaki fulana iliyoandikwa "Waachieni". Mkataba hatujasaini. Moyoni niko naye, lakini naogopa.

Bi Nuru: Asiende. Steven Spielberg alikuwa mshauri wa kisanii wa sherehe za Olimpiki ya Beijing. Februari 2008, michezo ikiwa bado miezi michache, akajitoa kwa sababu ya mauaji ya Darfur, Sudan, nchi iliyokuwa na uhusiano wa karibu na China, na kueleza hadharani kwa nini. Habari ilienea dunia nzima. Tena kumbuka, kamera za ufunguzi zipo mikononi mwa waandaaji. Wakiona koti linavuliwa, wanahamia kwa watazamaji, na fulana hakuna aliyeiona.

Mbio Ndefu: Bi Nuru, kwa heshima, napingana nawe. Rio 2016, Feyisa Lilesa wa Ethiopia alimaliza marathoni wa pili nyuma ya Kipchoge, mikono ameipishanisha juu ya kichwa, ishara ya Waoromo waliokuwa wakiandamana kwao kuipinga serikali. Asingekwenda Rio, wangapi wangesikia habari zao? Ila alilipia: hakurudi nyumbani mpaka Oktoba 2018.
Na mtoa mada, wanaolipa si wahusika wakuu peke yao. Mexico 1968, wakimbiaji weusi wa Marekani Tommie Smith na John Carlos walipoinua ngumi jukwaani kupinga ubaguzi, Peter Norman wa Australia alisimama nao akiwa na beji tu ya kuwaunga mkono kifuani. Bunge la nchi yake lilimwomba radhi 2012, miaka sita baada ya kufariki. Wacheza shoo na mpiga ngoma wa mdogo wako wameulizwa? Koti likivuliwa, na wao wapo ndani ya nchi hiyo, paspoti labda ziko hotelini.

Karani: Wanamichezo wa Olimpiki wanabanwa na Kanuni ya 50, inayokataza maandamano ya kisiasa michezoni. Paris 2024, Manizha Talash wa timu ya wakimbizi aliondolewa kwa kuvaa kitambaa cha kutetea wanawake wa Afghanistan. Msanii anabanwa na mkataba. Someni kifungu cha ujumbe wa kisiasa na cha fidia kabla kalamu haijagusa karatasi.

Mzee wa Uwanja: Ajue mada yake kwa undani. Februari 1980 Rais Carter wa Marekani alimtuma bondia Muhammad Ali Afrika kuomba nchi zisusie Olimpiki ya Moscow, kwa kuwa Wasovieti walikuwa wameivamia Afghanistan. Dar es Salaam waandishi wakamuuliza mbona Marekani haikuziunga mkono nchi za Afrika zilizosusia Montreal 1976 kupinga ubaguzi wa Afrika Kusini. Hakuwa na jibu, na Nyerere alikataa kuonana naye. Ali yule yule! Mdogo wako anawajua waliofungwa kwa majina? Familia zao zinataka kelele sasa hivi, au kuna mazungumzo ya kimyakimya anayoweza kuyaharibu?

Mtoa mada: Asanteni sana. Mzee, swali la familia hatukuwa tumeliwaza kabisa. Wacheza shoo nao hawakuwa wanajua chochote; tumewaambia leo, na mmoja amesema hatakwenda. Mkataba tumeuweka pembeni. Kwanza tunamtafuta wakili anayewatetea waandishi hao, tusikie wateja wake wanataka nini.