Sijawahi kuendesha pikipiki, nataka kununua ya kwanza: nianzie wapi?

Mwl_Mvomero

Wakuu, habari za jioni. Nimehamishiwa shule iliyo kilomita 18 kutoka ninapoishi. Kilomita 7 ni lami, zilizobaki ni barabara ya vumbi yenye changarawe, na masika panakuwa tope. Baiskeli naimudu vizuri, pikipiki sijawahi hata kuiwasha. Nina milioni mbili na laki mbili. Nijifunze kwanza ndipo ninunue, au ninunue nijifunzie yangu? Na nikienda kukagua iliyotumika niangalie nini? Madalali wakiniona tu watajua kwamba mimi ni mgeni.

Klachi_Kwanza

Mwalimu, jifunze kwanza, tena kwenye pikipiki ya chuo cha udereva. Anayejifunza huiangusha, na kuangusha ya kwako mwenyewe kunaanza kula hela siku ya kwanza: indiketa, saiti mira, mkono wa klachi. Halafu chuo kinakupa cheti utakachohitaji kwa ajili ya leseni. Utaratibu unaanza na leseni ya kujifunzia, kisha jaribio la trafiki, ndipo TRA wanakupa leseni kamili. Omba daraja A. A1 ni ya pikipiki za chini ya cc 125, kwa hiyo ukija kununua Boxer 150 au TVS HLX 150 utakuwa unaendesha bila daraja lake.

Sasa mazoezi. Tafuta uwanja mgumu, mkavu, usio na watu. Kabla ya kuwasha, isukume kwa mikono, izungushe, isimamishe kwa breki. Pikipiki za aina hii zina kilo 110 mpaka 130, na mwili wako unatakiwa kuujua uzito huo kabla injini haijaingia kwenye hesabu.

Ukishawasha, kazi ya kwanza ni klachi peke yake, yaani mkono wa kushoto unaotenganisha injini na gurudumu. Miguu yote chini, gia namba moja, usizungushe mafuta ya mkono wa kulia. Achia klachi polepole mpaka usikie mlio wa injini unashuka na pikipiki inataka kusogea. Hapo ndipo klachi inaposhika. Ishike tena, rudia. Fanya hivyo mara thelathini bila haraka, mpaka vidole vijue pale mahali bila wewe kufikiri. Kisha iache ikutembeze taratibu huku miguu ikigusa ardhi, na mwishoni ndipo unapandisha miguu na kuongeza mafuta kidogo.

Inayozimika kila ukiondoka, umeachia klachi haraka. Inayoruka mbele ni hatari zaidi: mwili unavutwa nyuma, mkono wa kulia unabaki umeng'ang'ania, na kadiri unavyovutwa ndivyo unavyozidi kufungua mafuta. Dawa ni moja: ukishtuka kwa lolote, kamata klachi yote. Injini itapiga kelele lakini gurudumu halitakuwa na nguvu. Zoea hilo kabla ya kujifunza gia ya pili.

Baada ya hapo fanya namba nane. Mwendo wa mtu anayetembea, klachi nusu, breki ya nyuma umeigusa kidogo tu, macho unakokwenda na si kwenye gurudumu. Breki ya mbele usiiguse usukani ukiwa umekatwa katika mwendo huo, maana italala papo hapo.

Gia: kwa cc 125 na 150, ya kwanza ni ya kuondokea tu, ya pili ukifika kama 15, ya tatu karibu na 30, ya nne kuanzia 40. Na uliza mpangilio kabla ya kupanda. Zipo ambazo gia zote zinaingia kwa kukanyaga mbele, na zipo ambazo ya kwanza iko chini na zingine juu. Ukichanganya hizo mbili ukiwa kwenye mwendo, unashuka gia wakati ulitaka kupanda na gurudumu la nyuma linateleza.

Fundi_Spoku

Mkuu hapo juu amemaliza upande wa kujifunza, mimi niseme ya kununua. Kwa fungu lako utakutana na mpya za Kichina na Boxer au TVS zilizotumika. Kwa barabara yako na kijijini, ningechukua Boxer au TVS iliyotumika ambayo injini haijafunguliwa, kwa sababu spea zake zinapatikana hata kwenye duka la kijiji na kila fundi anaijua. Lakini usimalize hela zote kwenye pikipiki. Tenga angalau laki tatu za helmeti, bima na matengenezo ya mwanzo.

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, shika injini kwa kiganja. Ikiwa ya moto, kuna kitu kinafichwa, kwa kawaida ni kuwaka kwa shida asubuhi. Piga kiki ya mkono kwanza, bila kuwasha: isukume kiki taratibu kwa mkono na usikilize ukinzani. Ikishuka laini kama haina kitu, kompresheni (mbano wa hewa ndani ya injini) imekwisha, na hapo unazungumzia pistoni, ringi, pengine na valvu.

Iwashe, iache inguruma dakika tano, kisha vuta mafuta na uangalie eksozi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, achana nayo au punguza bei kwa gharama ya kufungua injini. Moshi mweusi ni kabureta au kichujio cha hewa kilichoziba, hilo ni dogo. Mvuke mweupe wa asubuhi unaokwisha baada ya muda mfupi hauna neno. Mlio wa kukwaruza juu ya injini ni cheni ya taimingi. Chomoa kijiti cha oili: nyeusi ni kawaida, yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji ndani, yenye chembe zinazong'aa ni chuma kinachosagika.

Isimamishe kwa stendi kubwa, mtu akalie nyuma ili gurudumu la mbele liinuke. Geuza usukani taratibu kushoto na kulia. Ukinasa katikati kama umeingia kwenye kishimo, beringi za shingo zimekufa. Shika gurudumu la nyuma ulisukume upande kwa upande, likicheza ni bushi za mkono wa nyuma au beringi. Pitisha kidole kwenye shokapu za mbele, ukiona oili, sili zimepasuka. Gonga spoku moja moja kwa bisibisi, inayotoa mlio mzito kuliko wenzake imelegea.

Cheni, ivute kwa nyuma kabisa ya sproketi kubwa, lile duara la meno la gurudumu la nyuma. Ikiachana na meno mpaka unaona nusu ya jino, imekwisha. Meno yakiwa yamelala upande mmoja, badilisha zote tatu pamoja, cheni na sproketi mbili, maana cheni mpya kwenye meno yaliyokwisha haidumu.

Usiamini kilomita kwenye dashibodi. Kebo ya spidi ikikatika watu hawairudishi. Angalia sehemu ya abiria ya kukanyagia: mpira uliokwisha kabisa pamoja na siti iliyobonyea nyuma ni pikipiki iliyofanya bodaboda.

Kwa kuwa wewe hujui kuendesha bado, nenda na mtu anayejua aijaribu. Akiwa gia ya tatu kwenye kama 30, afungue mafuta ghafla. Injini ikipanda mlio bila mwendo kuongezeka, klachi inateleza.

Vumbi_na_Tope

Niongeze kuhusu breki, kwa sababu kilomita 11 za vumbi ndizo zitakazompa mwalimu kazi. Watu wengi mtaani hufundishana "usiguse breki ya mbele". Hilo ni fundisho baya. Ukifunga breki, uzito mwingi unahamia mbele, na kwenye lami kavu breki ya mbele ndiyo inayosimamisha pikipiki kwa sehemu kubwa. Ukitegemea ya nyuma pekee, gurudumu linafunga na unateleza ukiwa bado kwenye mwendo. Kwa 50 kwa saa unakwenda mita 14 kila sekunde, kwa hiyo mita chache za ziada ni tofauti ya kusimama na kugonga. Fanya mazoezi ya kusimama kwa breki zote mbili kutoka 20, kisha 30, kisha 40, ukibana ya mbele kama unavyokamua limau, kwa nguvu inayoongezeka.

Kwenye changarawe mambo yanabadilika. Hapo ya nyuma ichukue kazi kubwa na ya mbele iguswe kwa kidole tu, na punguza mwendo kabla ya kona, usije ukafunga breki ndani yake. Usukani ushike bila kuubana, uuache ucheze kidogo, anayeukaza ndiye anayeanguka. Kwenye mchanga mzito, mafuta yawe sawasawa, usiachie ghafla.

Upepo wa tairi: 25 psi mbele, 28 nyuma ukiwa peke yako, karibu 32 ukibeba abiria. Pima asubuhi tairi zikiwa baridi.

Mwl_Mvomero

Asanteni sana. Nimeshaandikisha chuo. Nimepata pia Boxer 125 kwa milioni moja na laki sita, namba zinaonekana safi. Ila kijana anasema kadi iko kwa bosi wake kwa sababu ya mkataba, atanipa baada ya wiki mbili nikitanguliza nusu.

Fundi_Spoku

Mwalimu, usitoe hata mia. Pikipiki ya mkataba, anayoilipia bosi kidogo kidogo, si yake mpaka amalize rejesho, na kadi haina jina lake. Bosi akiifuata, utapoteza chombo na hela. Ukiipenda hiyo, mwenye kadi aje mwenyewe na kitambulisho cha NIDA na TIN yake, mwandikiane mkataba wa mauziano mbele ya wakili, kisha mhamishe umiliki TRA. Hela itoke hapo, kwa benki au simu ili ibaki kumbukumbu. Linganisha namba ya chasisi, iliyo kwenye shingo ya fremu, na ya injini, zote mbili na kadi, tarakimu kwa tarakimu. Ukiona pamesagwa au rangi mpya juu ya namba, ondoka. Namba ya usajili iangalie pia kwenye mfumo wa faini wa polisi, na bima kwenye tovuti ya TIRA, mamlaka ya bima.

Ukishaichukua, siku hiyo hiyo mwaga oili na uweke mpya 20W-50, kama lita moja, plagi mpya yenye mwanya wa milimita 0.6 hadi 0.7, breki shuu, na kebo ya klachi. Kebo ya zamani ifunge kwa mpira chini ya siti. Hiyo ndiyo hukatika njiani, na ukiwa nayo ya akiba unafika shuleni.