Mvua zimeanza Kigoma: tupeane uzoefu wa kuteleza na kuanguka kazini

Msimamizi wa Ghala (mleta mada)
Mwakeye wakuu. Mvua ndiyo hiyo, na huku kwetu ikishashika haituachii hadi Mei. Nasimamia vibarua kwenye ghala la dagaa Kibirizi. Kila msimu lazima mtu ateguke au avunjike, na maelezo ni yale yale: "kateleza tu." Naomba aliyeona ajali ya hivi kazini kwake atupe kisa chenyewe. Chini kulikuwa na nini? Mlibadilisha nini baada ya hapo? Ushauri wa "tuwe makini" ninao wa kutosha, msiniongezee.

Mama Wawili, Katonga
Kaka, ghala lako lina nafuu. Sisi tunaangukia kwenye ule ubao wa kushukia mtumbwini. Maji peke yake hayana shida, shida ni ute wa migebuka ukichanganyika na magamba. Mwenzangu alikuwa anashuka na beseni limejaa, akapishana na mtu anayepanda mikono mitupu. Mwenye beseni haoni miguu yake, kwa hiyo yeye ndiye aliyeenda chini. Mguu ukaingia kati ya ubao na mtumbwi.

Baada ya pale wanaume wakagongomea vipande vya papi, zile mbao nyembamba, kukatiza ubao, kila hatua kipande kimoja, unyayo ukikanyaga unakwama. Na mbao zikawa mbili, ya kupanda na ya kushuka. Papi ni mabaki tu ya kwa fundi, hatukununua kitu.

Mkamuaji wa Simbo
Njooni kwenye mawese ndiyo mjue kuteleza ni nini. Asubuhi kukiwa na kibaridi, mawese yaliyomwagika yanaganda, unaona doa la rangi ya machungwa, unalikwepa. Jua likipanda yanayeyuka, yanaingia kwenye vumbi, doa halionekani tena. Watu wetu walikuwa wanaanguka kuanzia saa nne hadi mchana, sehemu ile ile kati ya pipa na mlango. Wakaanza kusema kuna mkono wa mtu. Mkono ulikuwa wa anayejaza madumu bila faneli.

Ukimwaga maji umeyatandaza tu. Sisi tunamwaga maranda ya mbao au majivu, tunayaacha yanywe, tunafagia, ndipo sabuni ya unga na maji ya moto vinafuata.

Kijana wa Ujiji, niko Winnipeg
Salamu nyumbani. Mimi nipo ghalani huku Kanada, na adui yetu ni barafu. Ile nyeupe unaiona. Inayoangusha watu ni ile nyembamba isiyo na rangi, unadhani lami imelowa tu. Mchana theluji inayeyuka kidogo, usiku maji yanaganda, asubuhi watu wa zamu ya kwanza wanashuka kwenye magari yao na kwenda chini hapo hapo maegeshoni.

Niliwahi kudhani chumvi ndiyo dawa ya kila siku. Kumbe chumvi ya kawaida inafanya kazi vizuri baridi isipozidi sana. Ikishuka chini ya nyuzi 10 hivi chini ya sifuri, nguvu yake inapungua mno, na huku Januari inapita hapo mbali. Kwa hiyo wanamwaga mchanga, ambao hauyeyushi chochote, kazi yake ni kukupa pa kukanyagia. Kazini tulifundishwa kutembea kama bata: hatua fupi, unyayo mzima chini, uzito mbele, mikono nje ya mifuko. Ukishuka garini, miguu yote miwili iguse chini kwanza huku umeshika mlango. Na mlangoni kuna zulia refu la kukaushia viatu, maana theluji ya kwenye soli ikiyeyuka ndani, marumaru inakuwa mbaya kuliko nje.

Fundi Sola, Kasulu
Hapo kwenye marumaru umenena. Ofisi zetu hizi mpya zote zimewekwa marumaru za kung'aa mpaka barazani, mvua ikipiga upepo ni balaa. Kwangu mimi ni bati. Bati lenye umande halipandiki, hata uvae kiatu cha aina gani. Mteja atalalamika nimechelewa, alalamike. Siweki ngazi mpaka jua limekausha.

Nesi Mstaafu
Wanangu, niliowapokea wengi wa kuanguka walikuwa wamevunjika kifundo cha mkono. Mtu akianguka anatanguliza kiganja ajizuie, uzito wote unaishia pale. Kwa wazee ni nyonga, na hiyo inachukua muda mrefu. Mkono ukivimba au umepinda, usikandwe wala kuvutwa, ufungwe ukae kama ulivyo hadi apigwe picha. Nimeona waliokandwa kwanza wakaja baada ya wiki, hogo (plasta) likafungwa juu ya mfupa uliokwisha kuanza kuunga vibaya.

Jambo jingine: Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo, na anayechangia ni mwajiri, hukatwi mshahara wako. Lakini ajali isiporipotiwa ndani ya miezi 12 haki inapotea. Andikisheni siku ile ile, na waliokuona waandikwe.

Bodaboda wa Buhigwe
Sisi ofisi yetu ni barabara, udongo mwekundu. Nitaleta kisa changu nikipata chaji.

Msimamizi wa Ghala
Asanteni sana. Mama Wawili, papi nazigongomea kesho kwenye ubao wa kupakilia lori. Maranda nayo nimeyapenda, nitayamwaga ndani ghalani.

Mama Wawili, Katonga
Maranda ndani ya ghala la dagaa! Nani atanunua dagaa wenye vumbi la mbao? Nje weka mchanga mkavu. Ndani tandika magunia mlangoni, myaanue yakilowa.

Msimamizi wa Ghala
Magunia nilishatandika mwaka jana. Ni haya ya salfeti, ya plastiki, juu ya sementi iliyolowa yanasafiri na mtu.

Mama Wawili, Katonga
Salfeti ndiyo yanaangusha, kaka. Nazungumzia ya katani.

Msimamizi wa Ghala
Siku hizi yanapatikana wapi? Hapa soko la Mwanga sijayaona.

Fundi Sola, Kasulu
Ulizia kwa watu wa kahawa, Manyovu. Yaliyotoboka huwa hawayahitaji.