Kuwapeleka wazazi safari ya meli ya kitalii Mediterania: viza, chumba, bahari na bandari

Swali: Binti_wa_Wete (Dar es Salaam)

Assalaam alaykum na habari za jioni, ndugu zangu. Wazazi wetu wanatimiza miaka 45 ya ndoa mwakani, na sisi watoto tumekubaliana kuwachangia safari ya usiku saba ya meli ya kitalii katika Bahari ya Mediterania, nami ndiye nitakayefuatana nao. Ratiba tunayoifikiria inaanzia Barcelona, inapita Marseille, Genova, Civitavecchia ambayo ndiyo bandari ya Roma, Palermo, na La Goulette iliyo karibu na Tunis, kisha inarudi Barcelona. Baba ana miaka 72 na anatumia dawa za shinikizo la damu. Mama ana miaka 67 na magoti yanamsumbua, lakini kinachonipa kazi zaidi ni hofu yake ya bahari. Sisi ni watu wa Pemba. Meli ya Spice Islander I ilipozama karibu na Nungwi usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, mtaani kwetu hapakuwa na nyumba ambayo haikuguswa na msiba ule, na tangu hapo mama hata Unguja huenda kwa ndege.

Ninaomba mnieleze kuhusu viza, msimu unaofaa, chumba cha kuchagua na namna ya kupata chakula cha halali. Zaidi ya yote ninaomba mniambie nimweleze nini mama kuhusu usalama. Nataka maneno ya kweli, si ya kumtuliza tu, kwa sababu yeye ni mtu wa kuuliza na hatakubali kupanda kwa kubembelezwa.

Jibu: Mkaazi_wa_Torino

Wa alaykumu salaam, dada. Mungu awazidishie wazazi afya. Wenzangu watakuelezea bahari. Mimi nianze na viza, kwa kuwa ndiyo inayoharibu safari za watu wetu wengi kabla hawajaiona hata hiyo meli.

Ratiba yako ina La Goulette ndani yake, na Tunisia haimo katika eneo la Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Meli ikifika pale mtakuwa mmeshatoka Schengen, na mkirudi Barcelona mtakuwa mnaingia kwa mara ya pili. Mkipewa viza ya kuingia mara moja tu, kampuni ya meli inaweza kuwakatalia kupanda tangu siku ya kwanza, na tiketi iliyopotea kwa sababu ya hati za msafiri kwa kawaida hairudishiwi fedha. Kwa hiyo ombeni viza ya kuingia zaidi ya mara moja, na katika barua ya maelezo mtaje wazi kwamba sababu ni kituo cha Tunis. Papo hapo muiulize kampuni, kwa maandishi, kama abiria mwenye pasipoti ya Tanzania anahitaji viza au kibali chochote cha Tunisia, na jibu lake mlihifadhi.

Suala la ubalozi wa kupeleka maombi nalo linahitaji hesabu. Kanuni ni kwamba mnaomba kwa ubalozi wa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi, na siku zikilingana, wa nchi mtakayoingia kwanza. Katika ratiba yako Italia ina bandari tatu, yaani siku tatu, na Hispania ina siku ya kupanda na ya kushuka pamoja na siku yoyote mtakayolala Barcelona kabla au baada. Mkiongeza siku mbili Barcelona, Hispania inakuwa ndiyo nchi kuu bila ubishi, na wazee watakuwa wamepumzika baada ya safari ndefu ya ndege. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Uamuzi kwa kawaida hutolewa ndani ya siku 15, lakini huweza kufika 45, kwa hiyo msisubiri mwezi wa mwisho. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari lazima igharimie matibabu yasiyopungua euro 30,000. Kwa umri wa wazazi wako mimi ningenunua bima ya kiwango kikubwa zaidi, inayotaja kwa maneno yake kumhamisha mgonjwa kutoka melini na kutokumkataa mwenye maradhi aliyokuwa nayo kabla ya safari. Bima nyingi za bei rahisi humwacha mwenye shinikizo la damu nje, na mtu hugundua hivyo akiwa kitandani.

Kuhusu msimu, chagueni Mei au nusu ya pili ya Septemba. Julai na Agosti kuna joto kali, umati mkubwa na bei za juu.

Jibu: Baharia_wa_Likoni

Mwanangu, nimefanya kazi kwenye meli za abiria kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na swali la mama yako ninaliheshimu kuliko mengine yote uliyouliza. Usimwambie kwamba meli kubwa haizami. Meli ya Costa Concordia ilikuwa na watu zaidi ya 4,200 ilipogonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio nchini Italia tarehe 13 Januari 2012, na watu 32 walifariki. Akilijua hilo kutoka kwako ataamini na hayo mengine utakayomweleza.

Mweleze kwamba kilichoua watu wengi katika ile safari ya Unguja kwenda Pemba ni wingi wa abiria na mizigo kupita uwezo wa chombo, na huko aendako jambo hilo limefungiwa njia mahali kadhaa. Kila abiria ana kadi yenye picha yake, na hawezi kupanda wala kushuka katika bandari yoyote bila kadi hiyo kusomwa na mashine, hivyo idadi ya waliomo ndani hujulikana kila saa. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, ambao toleo lake la kwanza lilitiwa saini mwaka 1914 baada ya ajali ya Titanic, unadai vyombo vya uokoaji vitoshe watu wote waliomo na ziada juu yake. Tena ajali ya Concordia yenyewe ilibadilisha sheria. Abiria waliokuwa wamepanda Civitavecchia jioni ile walikuwa hawajafanya mazoezi ya dharura, kwa sababu zamani kampuni iliruhusiwa kuyafanya ndani ya saa 24. Tangu mwaka 2015 mazoezi hayo lazima yafanyike kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka.

Mazoezi hayo ndiyo nafasi yenu ya kumwondoa mama hofu, kwa hiyo msiyafanye kwa haraka. Siku hizi kampuni nyingi humwonyesha abiria video, kisha humtaka afike kwenye kituo chake cha kukusanyikia ili jina lake litiwe alama. Nyinyi mkimaliza, rudini chumbani, mshike mkono mama, mtembee naye tena polepole kutoka mlangoni mwenu hadi kituoni kwa kutumia ngazi, maana lifti hazitumiki wakati wa dharura. Mwonyeshe majaketi ya kuokolea maisha na boti zilizoning'inia ubavuni mwa meli. Mfundishe na mlio wa hatari: milio saba mifupi ikifuatwa na mmoja mrefu. Kwa kuwa magoti yanamsumbua, nendeni mapokezi siku hiyo hiyo mkaandikishe kwamba abiria wa chumba chenu atahitaji kusaidiwa kushuka ngazi. Kuna mabaharia waliopangiwa kazi hiyo kwa majina, lakini hawawezi kumfuata mtu wasiyemjua.

Chumba kichagueni katikati ya meli na katika sitaha za chini. Meli huyumba zaidi omo (mbele), tezi (nyuma) na juu kabisa, na katikati chini ndipo penye utulivu. Wauzaji watawasifia roshani za sitaha za juu, nazo zinapendeza kweli, lakini kwa mtu anayeogopa mawimbi dirisha la chini linalomwonyesha upeo wa macho linatosha. Mchukulie ramani ya meli na uhakikishe mambo matatu: juu na chini ya chumba kuwe na vyumba vingine na si ukumbi wa muziki wala bwawa, dirisha lisizibwe na boti ya uokoaji, na lifti iwe karibu.

Usiku wa kwanza, kati ya Barcelona na Marseille, mtavuka Ghuba ya Simba, na pale huvuma upepo wa kaskazini uitwao mistrali, ambao huweza kuichafua bahari ghafla hata chini ya anga safi. Si kila usiku, na kwa majira mliyoshauriwa huenda msiuone kabisa. Lakini mama aliyezoea kaskazi na kusi ataelewa ukimwambia mapema kwamba upepo wa pale una jina na njia yake, na kwamba ubavuni mwa meli, chini ya maji, kuna mapezi ya chuma yanayotokezwa kupunguza kuyumba.

Jibu: Nesi_wa_Muscat

Ninaongezea upande wa afya tu. Dada, usiwanunulie wazazi kile kibandiko cha dawa ya hyoscine ya kuzuia kichefuchefu, kinachobandikwa nyuma ya sikio, bila kumwona daktari, hata kama kila mtu anakisifia. Kwa wazee dawa hiyo huweza kuleta kuchanganyikiwa, na haifai kwa mwenye aina fulani ya shinikizo la jicho, wala kwa mwanamume mwenye tezi dume iliyovimba. Vidonge vya kawaida vya kuzuia kichefuchefu baharini navyo huleta usingizi, na mzee mwenye usingizi kwenye sakafu inayoyumba huanguka. Mwulize daktari wa baba kwanza, akueleze kama vinapatana na dawa ambazo baba anatumia.

Dawa zote zibaki katika pakiti zake za asili, pamoja na barua ya daktari ya Kiingereza, ndani ya mfuko wa mkononi. Masanduku huchukuliwa gatini na huweza kufika chumbani jioni, kwa hiyo dawa za mchana zisiwemo humo. Mikono waioshe kwa maji na sabuni kila kabla ya kula, kwa sababu virusi vya kuharisha na kutapika vinavyosumbua meli hizi havifi vizuri kwa vitakasa mikono vya alkoholi.

Binti_wa_Wete

Shikamoo mzee wangu wa Likoni, na ahsanteni nyote. Nimemsomea mama maelezo ya kadi na ya mazoezi, naye ameniuliza kama vituo vya kukusanyikia viko nje au ndani, jambo ambalo kwake ni hatua kubwa. Nimebakiwa na mambo matatu. Je, tukae watu watatu chumba kimoja au nichukue changu? Chakula kikoje? Na je, Roma inawezekana kwa mtu mwenye magoti mabovu?

Jibu: Baharia_wa_Likoni

Marahaba, mwanangu. Vituo vingine viko kwenye sitaha ya nje chini ya boti, na vingine viko ndani ya kumbi, kutegemea meli. Namba ya kituo chenu huandikwa kwenye kadi na nyuma ya mlango wa chumba.

Jibu: Mkaazi_wa_Torino

Bei mnayoiona kwenye matangazo ni ya mtu mmoja katika chumba cha watu wawili, na anayelala peke yake kwa kawaida hulipishwa karibu sawa na wawili. Mtu wa tatu katika chumba kimoja hupunguziwa, ila kitanda chake mara nyingi hushushwa kutoka ukutani na choo kinakuwa kimoja kwa watu watatu. Kama mfuko unaruhusu, waacheni wazazi peke yao na wewe uchukue chumba kisicho na dirisha karibu nao, maana hii ni sherehe ya ndoa yao. Katika hesabu yenu ongezeni bakshishi ya kila siku inayokatwa moja kwa moja, vinywaji, na intaneti. Simu zenu ziwekeni katika hali ya ndegeni mara tu meli inapong'oa nanga, kwani mtandao wa simu wa melini hupitia setilaiti na gharama zake ni kubwa mno.

Chakula cha halali kiombeni kwa maandishi wiki kadhaa kabla, na jioni ya kwanza mwonane na msimamizi wa ukumbi wa chakula. Kampuni nyingine hutayarisha nyama ya halali na nyingine hazina, na hapo mtategemea samaki na mboga. Ulizeni pia kuhusu mchuzi, kwa sababu upishi wa Kiitaliano hutumia divai hata mahali msipoitarajia. Marseille, mtaa wa Noailles umejaa vyakula vya watu wa Afrika Kaskazini.

Kuhusu Roma, kutoka Civitavecchia ni takribani saa moja kwa treni, na kabla ya treni kuna basi la bandarini, kisha jingine la kufika kituoni. Kama miguu ya mama ingekuwa mizima, ningewashauri mwende wenyewe mkashuke kituo cha San Pietro. Kwa mama, chukueni ziara inayouzwa na meli yenyewe, ya basi na yenye kutembea kidogo. Basi la ziara hiyo likichelewa, meli hulisubiri au kampuni hugharimia kuwafikisha bandari inayofuata. Mkienda wenyewe mkachelewa, meli huondoka bila nyinyi.

Nguvu za mama zihifadhiwe kwa ajili ya Palermo, ambako gati liko karibu na mji na teksi kwenda kanisa kuu ni ya dakika chache. Mji ule ulitawaliwa na Waislamu kuanzia mwaka 831 hadi 1072, na kwenye baraza ya kusini ya kanisa hilo, nguzo ya upande wa kushoto bado ina aya ya Kurani iliyochongwa. Siku inayofuata kule Tunis, iwapo jibu la kampuni kuhusu viza litakuwa zuri, kodini teksi kwa nusu siku mkapatane bei kabla ya kupanda, dereva awapeleke kwenye magofu ya Karthago na kijiji cha Sidi Bou Said, kisha msikiti wa Zitouna katika mji wa kale. Huo mji wa kale magari hayaingii, kwa hiyo mwambieni dereva awashushe kwenye lango lililo karibu zaidi na msikiti.